Nilidhani ni mayai ya Segera

Pale Segera, barabara ya kutoka Tanga inapoikuta ile ya Chalinze na Korogwe, gari likisimama tu madirisha yanajaa mikono: korosho, machungwa, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha na kachumbari yake. Shemeji yangu alinunua mayai sita. Ilikuwa Februari, tunakwenda Dar, jua limechachamaa, na kioo cha nyuma upande wake kilikuwa hakishuki. Kabla hatujafika Mkata harufu ya yai viza ikajaa ndani ya gari.

Mke wangu alimgeukia kaka yake. Shemeji akaapa kwa jina la mama yao kwamba mayai ni mazima, kala mawili na hajasikia kitu. Tukamlazimisha akatupa yote manne yaliyobaki. Harufu haikuondoka. Ikazidi. Kila nikikanyaga mafuta kupita lori inakuja nzito zaidi, nikipunguza inapungua, na mimi mtu mzima niliyeanza kuendesha gari zamani sikujiuliza yai gani hilo linalonuka kwa kufuata mwendo wa injini.

Chalinze tukaingia kituo cha mafuta. Kijana wa pampu hakushika hata bomba. Akasema, "Bosi, fungua boneti kwanza, kuna kitu kinachemka." Nikafungua. Betri ilikuwa imetuna ubavu mmoja kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Juu imelowa, vizibo vinafoka kwa sauti ndogo kama sufuria ya wali inayokaukia, na kwenye kishikizo cha waya chanya kumeota unga mweupe unaoelekea bluu. Nikaigusa kwa kiganja nikautoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto kuliko chombo kingine chochote chenye haki ya kuwa cha moto mle ndani.

Fundi wa jirani aliitwa, akaiangalia bila kuinama. "Feki hiyo." Neno moja, na mimi nikaliamini papo hapo, kwa sababu nilikuwa ninalo tayari mdomoni. Mwezi huohuo nilikuwa nimeunguza balbu tatu za taa kubwa, na zote nilizizika kwa neno hilohilo. Balbu feki, betri feki, nchi imejaa feki. Tukaondoa waya, tukaiacha ipoe, na baada ya saa nzima gari likasukumwa likawaka, tukaenda hadi Dar vioo vyote vinavyoshuka vimeshushwa. Leo nisingethubutu. Ile harufu ni gesi ya salfa inayotoka asidi inapopikwa, na kwenye nafasi ndogo iliyofungwa ni sumu, si kero ya pua tu. Dawa ilikuwa kuzima gari na kulala Chalinze.

Dar nikanunua betri nyingine, saizi ya NS60 kama ile ya kwanza. Ile iliyovimba sikuitupa. Ilikuwa na miezi 9 tu na garantii ya mwaka mmoja, kwa hiyo nikaiweka kwenye beseni la plastiki nikairudisha Tanga kwenye buti. Nyumbani nikachukua chaki ya mtoto nikaandika juu yake namba ya gari na neno FEKI kwa herufi kubwa, ili pale dukani kila mteja alisome.

Mwenye duka alilisoma, akatabasamu. Hakupandisha sauti. Akapitisha kidole kwenye ule ubavu uliotuna, akafungua kizibo kimoja akamulika kwa tochi ya simu. "Kaka, hii haikufa. Hii imepikwa. Nenda kapime chaji ya gari lako kabla hujafunga nyingine." Nikamwambia nyingine nimeshaifunga. Akasema basi na hiyo uiage.

Nilitoka pale nimefura kuliko betri yenyewe. Nilimwona ni tapeli anayekwepa garantii, na kwa wiki kadhaa nilimsema kila kijiwe nilichokaa. Jina la duka silitaji hapa, na sasa ni kwa sababu ya aibu yangu, si ya kwake.

Betri ya Dar ilidumu mpaka Juni. Kulikuwa na ishara kila mahali. Taa za mbele ziling'aa kupita kiasi nikikanyaga mafuta. Maji ya betri yalikuwa yakipungua kila wiki mbili, nami najaza tu, tena mara moja nilijaza ya kisimani kwetu ambayo hata chai inakataa. Ubavu ulianza kutuna kidogo, nikajiambia ndivyo ilivyokuja. Na ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi haikuwahi kuwaka hata siku moja, hilo ndilo lililonilaza usingizi. Kwenye gari langu taa ile ilikuwa ya kunijulisha kwamba chaji haiji. Kwamba inakuja ya kupindukia, haikuwa na habari.

Asubuhi moja stata ikalia ka-ka-ka, gari haliwaki. Jirani akasogeza lake, tukaleta waya za kuazimana umeme. Chanya kwa chanya, sawa. Halafu nikachukua ule waya mweusi wa mwisho nikaugusisha moja kwa moja kwenye kichwa cha hasi cha betri yangu. Cheche ndogo, ya kawaida, kila mtu ameiona.

Sikusikia mlio kama watu wanavyohadithia. Nilisikia kitu kama tairi la lori linapasuka ndani ya kichwa changu, halafu kimya, halafu jirani anapiga kelele "Maji! Maji!" kabla hata sijajua nimepatwa na nini. Kifuniko cha betri kilikuwa kimepasuka katikati kutoka mwisho hadi mwisho, na kipande kimoja tulikiokota kwenye maua ya mke wangu. Uso wangu ulikuwa pembeni kwa sababu nilikuwa nimegeuka kumjibu mtoto. Hiyo ndiyo sababu pekee ya mimi kuandika haya nikiwa na macho mawili. Jirani alinimwagia ndoo tatu bila kuniuliza, mikono, shingo, kifua, na akaniweka bombani robo saa nzima ninamlaani na kumshukuru. Suruali yangu ya kadeti ilionekana nzima siku ile. Ilipofuliwa ikarudi na matundu kama wavu wa dagaa. Asidi haina haraka na pamba.

Ndipo nikamwendea mzee mmoja anayechaji betri. Zamani, kabla umeme haujafika vijiji vingi, vibanda kama chake vilijaa betri za watu wa televisheni, kila moja na jina la mwenyewe, zimeunganishwa kwa safu kama treni. Siku hizi anapata wateja wa sola na bodaboda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imepasuka au imevimba?"

Nikamwambia zote mbili, kwa awamu. Akacheka, akafunga betri yake mwenyewe kwenye keria ya baiskeli tukaongozana mpaka nyumbani. Hakuuliza betri yangu ilikuwa ya kampuni gani. Aliweka ya kwake kwenye gari, akatoa mita ya zamani yenye sindano, akapima injini ikiwa imezimwa: volti 12.6. "Nzima hii, umeona." Gari likawaka. Akaniambia nikanyage mafuta kidogo, nishikilie. Sindano ikapanda ikapita 14, ikapita 15, ikasimama karibu na 16. Akazima gari yeye mwenyewe kwa mkono wake, haraka, kama mtu anayemvuta mtoto kwenye moto. Hakutaka betri yake ipikwe.

Ilitakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Kuna kidude nyuma ya alternata, ile mashine inayozalisha umeme wa kuchaji betri; kinaitwa regyuleta, kazi yake ni kusema "basi" umeme ukitosha. Cha kwangu kilikuwa kimesahau neno hilo. Kukibadilisha kulinigharimu shilingi elfu arobaini na tano. Betri mbili, balbu tatu, suruali na mayai manne, hesabu nyingine nimeamua nisiifanye.

Kibandani kwake mzee ana betri aliyoikata kwa msumeno, ubavu mmoja hauna ukuta, na ndiyo ubao wake wa kufundishia. Ni nyumba yenye vyumba sita. Kila chumba, yaani seli, kinatoa volti 2 na ushei, ndiyo maana betri nzima iliyojaa inasoma 12.6 na si 12 kamili. Ikisoma 10.5 na haipandi hata ukiichaji, chumba kimoja kimekufa, usiihangaikie. Ndani ya kila chumba kuna mabamba ya risasi, ile metali laini nzito, yamesimama kwenye asidi iliyochanganywa na maji, yametenganishwa kwa vitambaa vyembamba. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza ya kwanza mwaka 1859, magari yenyewe hayajawa na barabara, na mpaka leo ndani mna risasi ileile na asidi ileile.

Ukiisukumia umeme wa kuzidi, betri ikishajaa haina tena pa kuuweka. Umeme unaanza kuyavunja maji yaliyomo, yanageuka kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Hizo ndizo zilizokuwa zikifoka kwenye vizibo. Vitundu vya kupumulia vikiziba kwa vumbi na grisi, gesi inakaa ndani inasukuma kuta. Joto linailainisha ile plastiki. Na kuna jambo la tatu ambalo sikulijua kabisa: yale mabamba yenyewe yanakua. Risasi ya upande wa chanya ikiliwa na kutu yake inataka nafasi kubwa kuliko ilipokuwa mpya, kwa hiyo bamba linarefuka na kunenepa na kusukuma nyumba kutoka ndani. Alinionyesha bamba moja lililopinda kama chapati iliyosahauliwa kaangoni. Betri iliyovimba hairudi, hata ikipoa ikanywea kidogo. Wapo mafundi wanaoibana kwa ubao na kamba. Waacheni.

Kuhusu kupasuka, aliniuliza swali moja: maji yalikuwa wapi? Yalikuwa chini, mabamba yametokeza. "Basi pale juu palikuwa na chumba kizima cha gesi, ukakipelekea kiberiti." Haidrojeni haihitaji kuwa nyingi, ikifika asilimia 4 tu ya hewa inatosha kushika moto. Kwa hiyo waya ule wa mwisho, mweusi, haugusi betri iliyokufa. Unaubana kwenye chuma cha injini au bodi, mbali na betri, cheche iruke huko. Nilikuwa nimesikia hivyo miaka yote na nikadhani ni mbwembwe za vitabu vya maelekezo.

Na maji yanayopungua ni maji, si asidi. Asidi inabaki. Ukijaza asidi mpya kila maji yakipungua, kama wanavyofanya vijana wengi wa vituoni kwa nia njema, unaifanya kali mpaka inakula mabamba. Jaza maji ya betri yaliyosafishwa, yafunike mabamba kwa kama sentimita moja, basi. Maji ya kisima cha pwani, alipoyasikia, mzee alifumba macho tu.

Joto letu nalo halina huruma. Mzee anasema betri inakufa Tanga, inazikwa Lushoto: mtu anapanda milimani na betri iliyokwisha kuchoshwa na joto la huku chini, asubuhi ya baridi inagoma, analaumu baridi. Kanuni ya mafundi ni kwamba joto la betri likiongezeka kwa nyuzi 10, umri wake unakwenda nusu. Binamu yangu aliyeko Edmonton, Kanada, nilipomsimulia akaniambia kwao kuna kupasuka kwa namna nyingine: betri iliyoisha chaji inakuwa karibu maji matupu, na maji matupu yanaganda. Yakiganda yanatanuka, yanachana kuta. Iliyojaa chaji haigandi hata kwenye baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Sikujua nimwonee huruma au wivu.

Kuna la mtikisiko pia, hili fupi. Chuma cha kuibana betri cha gari langu kilikatika zamani, nikafunga mpira wa tairi, kama nusu ya magari ya mji huu. Barabara ya Pangani enzi za vumbi iliichezesha betri ile kila siku, na unga wa mabamba ukawa unadondoka chini. Kwenye ile iliyokatwa unauona umejikusanya sakafuni kama tope la kahawa. Likipanda mpaka kugusa mabamba mawili, chumba hicho kimekwisha.

Betri ya tatu niliiua mwenyewe, regyuleta ikiwa mpya na chaji safi. Nilikwenda Bukoba msibani, wiki nne, gari limekaa uani limefungwa na alamu inapepesa taa yake nyekundu. Niliporudi mita ilisoma 9 na kitu. Mzee alipiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Alamu na saa na redio, tuseme vinavuta ampea 0.05. Kwa siku ni ampea-saa 1.2. Kwa siku 30 ni 36. Betri yangu ilikuwa ya ampea-saa 45. Na si kuisha tu: ikikaa imeisha, mabamba yanaota fuwele ngumu za salfati, nyeupe, kama chumvi ya mashimo ya pwani, na zikishakomaa chaji haizitoi. Aliichaji polepole siku mbili ikarudi 12.4, lakini ikiguswa na stata inaanguka. Siku hizi nikisafiri zaidi ya wiki ninafungua waya wa hasi, spana namba kumi, dakika moja. Mke wangu anaijua kazi hiyo kuliko mimi.

Feki zipo, sisemi hazipo. Zipo zilizobandikwa lebo mpya juu ya mwili wa zamani, na zipo nzima zilizokaa dukani zimesahauliwa mpaka zikajifia palepale kwenye rafu. Ndiyo maana sasa ninabeba mita yangu ya elfu kumi na tano dukani, na betri isiyosoma angalau 12.5 ninairudisha kaunta kwa adabu. Mwenye duka yule wa kwanza ndiye ninayenunua kwake. Tulisameheana bila kusema, aliniuzia ya nne akanipunguzia elfu tano, na hiyo ina mwaka wa tatu sasa, imekaa wima haina tumbo.

Kuhusu zilizokufa, wanunuzi wa vyuma chakavu hupita na mikokoteni, risasi ina soko. Mzee huwauzia wale wanaochukua betri nzima na asidi yake ndani. Anayetaka kuimwaga kwanza kwenye mtaro ili kupunguza uzito, anamfukuza. Ana shangazi Mombasa, na habari za kijiji cha Owino Uhuru anazijua kwa kirefu: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kando ya nyumba za watu, watoto wenye risasi katika damu, Phyllis Omido aliyewapigania mpaka akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mahakama iliyoamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Akiisimulia anaosha mikono kwa sabuni, kila mara, kabla hajagusa kikombe cha kahawa.

Ile ya kwanza, ya Chalinze, aliniomba. Hakuitia kwenye rundo la chakavu. Iko mezani kwake karibu na ile iliyokatwa, na mteja akija anagomba kuwa kauziwa betri mbovu, mzee haongei, anaigeuza tu upande uliotuna umwelekee. Chaki bado inasomeka, namba ya gari langu na lile neno chini yake. Nimeshamwomba mara mbili anifutie, angalau namba. Anasema bila maandishi hayo haifundishi vizuri.